Kupandikiza nywele na nyusi Istanbul: tathmini ya huduma kwa wenye nywele za kipilipili

Vituo vya kupandikiza nywele mjini Istanbul vimekuwa kimbilio la watu wengi kutoka Afrika Mashariki, na sababu zake zinaeleweka: ndege huruka moja kwa moja kutoka Dar es Salaam na Nairobi, na kifurushi ambacho mara nyingi hugharimu kati ya dola 2,000 na 4,000 za Marekani hujumuisha upasuaji, hoteli, mkalimani na gari la kumpokea mgonjwa uwanjani. Nilimsindikiza kaka yangu, ambaye upara wake ulikuwa umeshapanda kutoka kwenye mapanja hadi karibu na utosi, nami nikaitumia nafasi hiyo kuonana na daktari kuhusu nyusi zangu. Kituo chenyewe sikitaji kwa jina, kwa kuwa mengi niliyoyaona pale, mazuri na mabaya, yanauhusu mfumo mzima wa vifurushi, na mgonjwa anaweza kukutana nayo popote atakapobisha hodi.

Jambo la kwanza ambalo tangazo halilisemi ni kwamba hakuna nywele mpya zinazotengenezwa. Zilizopo zinahamishwa tu. Kwa wanaume wengi, nywele za kisogoni na za juu ya masikio hazidhuriwi na homoni inayozikausha zile za utosini, na zikihamishwa huendelea kuishi kwa tabia ya kule zilikotoka. Hilo ndilo alilolionyesha daktari Norman Orentreich wa New York katika miaka ya 1950, ingawa Shoji Okuda wa Japani alikuwa ameshaeleza mwaka 1939 namna ya kupandikiza vipande vidogo vya ngozi yenye nywele kwa watu waliopoteza nywele au nyusi kwa makovu. Kisogo cha mgonjwa, basi, ni akiba isiyoongezeka. Kila kishina, yaani mzizi wenye unywele mmoja hadi minne pamoja na nyama kidogo inayouzunguka, kikishatolewa hakioti tena pale kilipokuwa, na kikifa kabla ya kupandwa kimepotea pande zote mbili.

Kwa hiyo anayeulizia bei aulize kwanza ukubwa wa akiba yake. Wakala aliyewasiliana na kaka kwa WhatsApp alitazama picha chache tu, akamwahidi vishina 4,500 kwa siku moja, na ahadi hiyo ilikuwa imeshaandikwa kwenye ankara kabla ya mtu yeyote mwenye taaluma kumgusa kichwa. Daktari, alipokwisha kumnyoa kisogo na kuikagua ngozi kwa lenzi, alisema hatavuka 2,400. Alieleza kwamba kichwa chenye nywele za kipilipili kwa kawaida huwa na vishina vichache zaidi katika kila sentimita ya mraba kuliko kichwa cha Mzungu, na kwamba mtu ambaye hajafikisha miaka 40 hana budi kubakiziwa akiba, kwa sababu upara wake haujamaliza safari. Kaka alihisi amepunjwa. Mimi nilimwona daktari huyo kuwa mwaminifu kuliko wakala aliyetuleta kwake. Tena nywele zilizojikunja hufunika ngozi vizuri kuliko zilizonyooka, kwa hiyo wenye nywele kama zetu huhitaji vishina vichache zaidi kupata kichwa kinachoonekana kimejaa. Anayeahidiwa idadi kubwa kwa kutazamwa picha ajue kwamba kisogo kilichovunwa kupita kiasi hubaki na mabaka mabaka ya uwazi, na hakuna mahali pengine pa kuchukua nywele nyingi za kuyafunika.

Tatizo kubwa kwa watu wetu liko chini ya ngozi, mahali ambapo picha haifiki. Mzizi wa nywele ya kipilipili umepinda kama ndoana, ilhali chombo cha kutolea vishina, ambacho ni kibomba chenye makali na kipenyo cha karibu milimita moja, huingia kwa kunyooka. Mkono uliozoea nywele za Wazungu na Waarabu peke yake unaweza kuukata mzizi katikati bila kujua, na kishina kilichokatwa hivyo kina nafasi ndogo ya kuota. Daktari wetu alianza kwa kutoa vishina kama ishirini vya majaribio, akavilaza juu ya shashi iliyolowa maji ya chumvi, akamwita kaka avitazame kwa lenzi. Vile vizima vilikuwa na ncha ya chini iliyovimba, nyeupe, na utando mwembamba wa nyama ukiwa umeishika pande zote. Vilivyokatwa vilikuwa vitupu, vimeishia ghafla kama uzi uliokatwa kwa mkasi. Vilivyokatwa vilikuwa vingi mno kwa kipimo chake, kwa hiyo akabadilisha kibomba, akachukua chenye kipenyo kikubwa zaidi, akapunguza mwendo wa mashine na kujaribu tena mpaka aliporidhika. Jaribio hilo lilichukua muda mfupi, na kwa maoni yangu ndilo lililostahili fedha yote iliyolipwa. Mwenye nywele za kipilipili aombe lifanyike, na akiambiwa kwamba halina haja, aahirishe.

Ipo pia njia ya zamani ya kukata ukanda wa ngozi kisogoni, kushona, kisha kutenganisha vishina chini ya hadubini. Kwa mizizi iliyopinda sana njia hiyo bado ina faida zake, lakini huacha kovu la mstari ambalo mwanamume mwenye desturi ya kunyoa kichwa hawezi kulificha. Na kwa njia yoyote ile, mwenye historia ya keloidi anapaswa kusema mapema: kovu la chanjo begani lililovimba na kukua kupita mipaka yake, uvimbe kwenye ndewe ya sikio baada ya kutogwa, au vipele sugu vya kisogoni vinavyowasumbua wanaonyoa mara kwa mara. Kaka hakuulizwa habari hizi mpaka tulipofika Istanbul, nami nahesabu hilo kuwa dosari nzito, maana mtu anaweza kulipa nauli, viza na rubuni, halafu akaambiwa hafai.

Lalamiko langu kubwa linahusu swali la nani hasa anayepasua. Daktari alichora mstari wa mbele wa nywele, akafanya yale majaribio, kisha akaondoka, na mafundi ndio walioendelea kutoa vishina kwa saa nyingi. Chama cha kimataifa cha madaktari wa fani hii, ISHRS, kimekuwa kikiendesha kampeni dhidi ya upasuaji wa nywele unaofanywa na watu wasio na leseni, kwa hoja kwamba kutoboa ngozi na kutoa kishina ni upasuaji, na upasuaji ni kazi ya daktari. Fomu ya ridhaa ililetwa asubuhi ileile, kaka akiwa ameshavaa joho la chumba cha upasuaji, nayo ilikuwa kwa Kituruki na Kiingereza. Mkalimani aliinyooshea kidole sehemu ya kutia sahihi. Niliomba tuisome yote kwanza, na katika ukurasa wa pili tukakuta sentensi inayosema kwamba kazi itafanywa na timu, bila kumtaja daktari. Tulipouliza, hakuna aliyekasirika. Walikubali kuongeza kwa mkono kwamba daktari mwenyewe atatoboa matundu ya kupandia upande wa mbele, na kweli alirudi akayatoboa. Nasisitiza jambo hili kwa sababu matundu ndiyo yanayoamua pembe na mwelekeo wa kila unywele, na hayo yakikosewa, hata vishina vizima huota vikitazama kusikofaa. Basi fomu iombwe kwa barua pepe kabla ya kusafiri, isomwe na mtu anayeielewa lugha yake, na jina la daktari pamoja na kazi atakazozifanya yeye mwenyewe viandikwe. Kadhalika mgonjwa aombe kuona kibali cha Wizara ya Afya ya Uturuki kinachokiruhusu kituo kupokea wagonjwa wa kutoka nje.

Hoteli ilikuwa safi na gari lilifika kwa wakati, wala sioni sababu ya kuyaongelea zaidi, ingawa matangazo huyatanguliza.

Siku ya upasuaji ni ndefu, saa sita hadi nane, na maumivu makubwa ni ya sindano za ganzi mwanzoni. Kipimo cha ganzi hutegemea uzito wa mwili, kwa hiyo mgonjwa apimwe uzito na shinikizo la damu, aseme kama ana kisukari, na ataje dawa anazotumia, hususan zile za kuipunguza damu kuganda. Usiku wa kwanza hulala kichwa kikiwa kimeinuliwa, na siku chache baadaye uvimbe unaweza kushuka kwenye paji la uso hadi kwenye macho. Waislamu wajiandae kwa suala la sujudu, kwa kuwa maelekezo hukataza kuinama na kugusisha sehemu iliyopandwa katika siku za mwanzo. Ni vyema kumuuliza sheikh kabla ya safari kuhusu kusali kwa kuketi na kuhusu kupaka maji kichwani wakati wa udhu. Kofia ya kubana na hijabu iliyokazwa huepukwa mpaka magamba yadondoke, jambo ambalo kwa kawaida huchukua siku 10 hadi 14.

Kisha hutokea jambo linalowavunja moyo wengi: nywele zilizopandwa huanguka ndani ya wiki chache. Mzizi haujafa, umepumzika, na huanza kuchipua tena kuanzia mwezi wa tatu au wa nne, huku matokeo kamili yakisubiri mwaka mzima, na utosini hata zaidi. Nywele za kaka sasa zimejaa vizuri mbele, na pale mapanjani ambapo mafundi waliachiwa kila kitu ni nyembamba kuliko tulivyotarajia. Nywele zake za asili zilizobaki utosini zinaendelea kupungua, kwa kuwa upandikizaji hauuzuii upara. Dawa za kuupunguza zipo, minoksidili ya kupaka na finasteridi ya kumeza, ambayo iliidhinishwa Marekani mwaka 1997 kwa upara wa wanaume, lakini zina madhara yake, na finasteridi huandikwa na daktari. Mjamzito hapaswi hata kuvigusa vidonge vya finasteridi vilivyovunjika.

Wanawake wana habari yao ya peke yake, na vituo vingi huipuuza. Nywele zilizokatika kwenye mapanja kwa kusuka kwa kukaza na kwa rasta nzito zinaweza kupandikizwa, iwapo mhusika ameacha msuko huo na sehemu hiyo imetulia. Lakini upara unaoanzia utosini na kusambaa kwa duara, ambao huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Kiafrika, mara nyingi ni ugonjwa unaoacha makovu ndani ya ngozi, na kupanda nywele juu ya ugonjwa ambao bado unaendelea ni kuziua. Hapo kinachotangulia ni daktari wa ngozi na kipande kidogo cha ngozi kupelekwa maabara. Huduma hiyo haihitaji kwenda Uturuki: Moshi, katika hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kanda cha kufundisha madaktari wa ngozi, na ningemshauri dada yeyote aanzie huko au kwa bingwa wa ngozi aliye karibu naye.

Nilikotegemea kushawishiwa ndiko nilikokataliwa. Nyusi zangu zimepungua upande wa nje kwa miaka mingi ya kutolewa kwa uzi na kuchorwa kwa piko, na wakala alikuwa ameshaniahidi vishina 300 kila upande kwa punguzo la bei. Daktari alizitazama kwa muda mrefu, akaniuliza kama nahisi baridi au uchovu kupita kawaida, kisha akasema hagusi kitu mpaka nipime tezi ya shingo, kwa sababu tezi hiyo ikilegea nyusi zinaweza kupukutika hasa kwenye theluthi ya nje. Zipo sababu nyingine za nyusi kupukutika, ukiwemo ukoma, ambao nchini kwetu bado upo na unatibika.

Akaendelea kunieleza kwamba vishina vya nyusi hutolewa kisogoni, vya unywele mmoja mmoja, na hupandwa vikiwa vimelala karibu sambamba na ngozi, kila eneo la nyusi likiwa na mwelekeo wake. Nywele hizo hazisahau zilikotoka, na huendelea kurefuka kama za kichwani, kwa hiyo mwenye nazo hulazimika kuzipunguza kwa mkasi maisha yake yote. Kwa mwenye nywele za kipilipili kuna la ziada: zinaweza kujikunja hapo usoni badala ya kulala, na mwelekeo wa mpindo wa kila kishina lazima uzingatiwe wakati wa kupanda, kazi ambayo alikiri kwamba ni madaktari wachache wanaoifanya vizuri. Aliniambia niache uzi na piko kwanza, nipime damu, nisubiri nione kitakachoota chenyewe. Mtu aliyekuwa akipoteza malipo kwa kusema hivyo alinipa huduma bora kuliko zote nilizoziona pale, na ningependa mgonjwa mwingine apime kituo chake kwa kigezo hicho: je, kuna mtu humo mwenye mamlaka ya kumwambia mgonjwa hapana?

Wakala aliacha kujibu picha za kaka baada ya mwezi wa tatu, ingawa kifurushi kiliahidi ufuatiliaji wa mwaka mzima. Kilichotusaidia ni taarifa ya upasuaji tuliyoidai kabla ya kuondoka, inayoonyesha idadi ya vishina vilivyotolewa na vilivyopandwa, kipenyo cha kibomba, dawa zilizotumika na jina la daktari. Kwa karatasi hiyo, daktari wa ngozi wa hapa nyumbani ameweza kuendelea na kaka pale Istanbul ilipoishia.