Mabampa ya MGB: ya kiwandani, ya stenlesi na ya faibagilasi

Mwenye MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza la kampuni ya MG, anayetafuta mabampa hukutana na tatizo ambalo wenye magari mengi ya michezo ya zamani hawana, kwa sababu kiwanda chenyewe kilitoa mabampa ya aina mbili yasiyofanana hata kidogo. Tangu mwaka 1962 gari hili liliuzwa likiwa na bampa jembamba la chuma lililopakwa kromu. Kuanzia Septemba 1974 hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 1980 likavishwa bampa nene jeusi la poliyurethani, ambalo kila mtu huliita la mpira, lenye kiunzi cha chuma ndani yake. Badiliko hilo lililetwa na sheria za Marekani, ambazo kuanzia magari ya modeli ya 1973 zilitaka gari ligonge kizuizi kwa mbele kwa mwendo wa maili 5 kwa saa bila taa wala mfumo wa mafuta kudhurika. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kama ununue bampa la asili au la kuundwa upya, sharti ujue bodi uliyo nayo ilitoka kiwandani na bampa lipi, kwa maana mabano ya kufungia, madigadi na hata urefu wa gari kutoka ardhini hutofautiana.

Nianze na bodi ya kromu. Ukiwa bado una mabampa yake ya kwanza, hata yakiwa na kutu na mbonyeo, ushauri wangu ni kuyapeleka kwa fundi wa kromu kabla ya kufikiria kitu kingine. Chuma chake ni kinene, mkunjo wake ndio uleule bodi iliyotengenezewa, na matundu ya bolti yamo mahali pake. Kazi nzuri huanza kwa kuondoa kromu ya zamani, kunyoosha, kupiga msasa, kisha kupaka shaba, nikeli na mwishoni kromu yenyewe, ambayo ni utando mwembamba mno. Kromu haifichi kasoro yoyote. Kila mbonyeo ulioachwa utaonekana zaidi kuliko ulivyoonekana chini ya kutu. Fundi mwenye haraka hupiga msasa kupita kiasi, na utamgundua kwa kutazama kingo na matundu ya bolti: yakiwa yamelegea umbo na kuviringika, chuma kimeliwa. Tazama pia upande wa nyuma, ambako kromu hufika kidogo sana na ndiko kutu huanzia. Upande huo upakwe rangi ya kuzuia kutu kabla bampa halijafungwa, si baada ya hapo.

Mabampa mapya ya stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu, yanayotengenezwa kwa kuiga umbo la kromu, yana sifa moja kubwa, nayo ni kwamba hayababuki, kwa sababu hayana utando wa kubabuka. Kwa gari linaloendeshwa mvuani na kuachwa nje, hilo si jambo dogo. Rangi yake, hata hivyo, haina ule ubuluu mdogo wa kromu, na mtu makini atailinganisha na fremu ya kioo cha taa na kuona tofauti. Kinachonikera zaidi ni ulinganifu. Seti niliyoifunga ilionekana safi ndani ya boksi, lakini ilipowekwa kwenye mabano ya asili, ncha ya kulia iliacha nafasi ya vidole viwili na ya kushoto ikakaribia kugusa rangi. Ilibidi bolti zote zilegezwe, matundu ya mabano yatanuliwe kwa tupa, washa (vile visahani vya chuma vinavyokaa chini ya bolti) ziongezwe upande mmoja, kisha bolti zikazwe kidogo kidogo kuanzia katikati kwenda pembeni. Mtu asikaze upande mmoja kabisa kabla ya kugusa mwingine, maana bampa litajipinda na litabaki hivyo. Njia rahisi ya kupima ubora wa stenlesi kabla ya kulipa ni kulishika bampa chini ya taa ndefu ya dari na kufuata mstari wa taa hiyo kwenye uso wake: mstari ukienda ukiyumba, king'arisho kimeficha chuma kilichopondwa ovyo.

Faibagilasi ndiyo inayowavutia wapenda mbio, na sababu yao ni ya kweli, kwani uzito unaoondolewa uko mwishoni kabisa mwa gari, mbele na nyuma, ambako huathiri sana jinsi gari linavyokata kona. Kwa gari la barabarani mimi siipendekezi. Bampa hilo halikingi chochote. Mguso wa kawaida wakati wa kuegesha huacha ufa, na bolti iliyokazwa kupita kiasi huacha nyufa zinazosambaa kama nyota kuzunguka tundu, isipokuwa utumie washa pana zenye mpira chini yake. Tena, pale ambapo taa ya namba ilipata ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi, kupitia chuma cha bampa, itazimika siku utakapofunga la faibagilasi, na fundi wa umeme asiyejua atabadilisha balbu mara kadhaa kabla ya kukumbuka kuongeza waya.

Wenye bodi ya bampa la mpira ndio wanaodanganywa zaidi na matangazo ya seti za kubadilisha gari liwe la kromu. Seti huonekana kama mabampa mawili na bolti chache. Ukweli ni kwamba taa za indiketa za mbele zimo ndani ya bampa la mpira, hivyo ukiliondoa lazima utafute taa nyingine na mahali pa kuziweka. Grili nayo haifai tena. Mabano ya zamani hukatwa, na sehemu za chini za madigadi huchomelewa na kupakwa rangi upya. Juu ya hayo, kiwanda kililiinua gari kwa takriban inchi moja lilipopewa mpira, na gari lenye kromu lililosimama juu hivyo huonekana kama limeazima viatu. Kulishusha ni kazi nyingine ya springi, na ikiwa ni gari la mwanzoni mwa kipindi hicho, ambalo kiwanda kililiondolea stebilaiza ya mbele (chuma kinachozuia gari kulala upande kwenye kona), irudishwe kwanza hiyo, kwa kuwa itabadilisha uendeshaji kuliko bampa lolote.

Kwa bodi hiyo mimi ningebaki na mpira na kuupaka rangi ya gari, kwa rangi iliyochanganywa na kilainishi ili isipasuke bampa linapobonyea. Wapo wanaochoma uso uliopauka kwa mashine ya hewa moto ili weusi urudi. Weusi hurudi kweli, lakini jua huuondoa tena, na ukiikaribisha mashine kidogo tu zaidi utayeyusha uso wenyewe. Rangi hudumu zaidi, haikati chochote kwenye bodi, na mnunuzi wa baadaye anayetaka weusi wa kiwandani ataupata bila kuchomelea.