Spika za nyumbani: namna ya kuitambua besi ya kweli kabla hujalipa, kwa wanunuzi wa Tanga

Ingia duka la redio Ngamiani uulize spika nzuri. Muuzaji atawasha sabufa, atazungusha kitufe cha besi hadi mwisho, na vioo vya kabati vitaanza kutetemeka. Hiyo ni nguvu tu. Besi ya kweli ni kulisikia gitaa la besi likipanda na kushuka, noti moja baada ya nyingine, huku sauti ya mwimbaji ikibaki safi. Kwa mtu wa Tanga jambo hili ni zito, kwa sababu vikundi vya hapa ndivyo vinavyosifika kwa kuliingiza gitaa la besi kwenye taarabu. Black Star Musical Club na Lucky Star waliimba juu ya besi ya umeme, na mwimbaji Bi Shakila alipita kwenye vikundi vyote viwili. Spika inayoigeuza besi ile kuwa ngurumo moja isiyobadilika inamnyang'anya mpigaji kazi yake.

Uzi mnene wa gitaa la besi la nyuzi nne unatoa sauti ya hezi 41 hivi (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde), na ule mwembamba, ukipigwa bila kubanwa, hezi 98. Spika ndogo nyingi hazifiki 41 kwa nguvu, na hilo halinisumbui sana, maana kila noti huja na sauti zake za juu, 82, 123 na kuendelea, na sikio hutumia hizo kuitambua noti ya chini hata ikiwa hafifu. Kinachonisumbua ni spika iliyoundwa ivimbishe sauti mahali pamoja, tuseme hezi 80 au 100, ili pale dukani ionekane ina besi. Noti zinazoangukia hapo zinalipuka na zilizo jirani zinapotea. Ukishindwa kuufuatisha kwa mdomo mstari wa besi wa wimbo unaoujua, spika hiyo iache.

Nenda na nyimbo zako kwenye flashi au simu, zenye ubora mzuri. Rekodi nyingi za taarabu ya zamani zimetufikia kupitia kanda na besi yake imeshafifia, kwa hiyo hizo zitumie kupima sauti za waimbaji, fidla na ganuni. Kwa besi chukua rekodi safi ya siku hizi yenye gitaa la besi halisi. Kisha sema, "Kaka, naomba weka besi na trebo katikati, hizo nyongeza nyingine zima."

Anza na mtu anayeongea. Taarifa ya habari inayosomwa na mwanamume inatosha kabisa, kwa sababu sauti ya binadamu tunaijua tangu utotoni na hatudanganyiki nayo. Msomaji akisikika kama yuko ndani ya pipa, spika inaongeza chini. Akisikika mkavu, herufi "s" zikichoma masikio, inaongeza juu. Wahandisi wa BBC walipotengeneza spika zao za LS3/5A miaka ya 1970 walijali sana sauti ya mtu anayeongea, na kifaa kile kidogo bado kinasifiwa kwa hilo.

Halafu omba ipigwe spika moja tu. Floyd Toole, aliyetafiti spika kwa miaka mingi kwenye Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada na baadaye kampuni ya Harman, alionyesha kwamba kasoro husikika wazi zaidi spika ikipiga peke yake kuliko zikipiga mbili. Alionyesha pia kwamba watu wasipoiona spika wanayoisikiliza, wengi huchagua ile isiyoongeza wala kupunguza. Ukilinganisha mbili, hakikisha zina sauti sawa, kwani tofauti ya desibeli 1 tu, kipimo cha ukubwa wa sauti, inatosha kuifanya yenye sauti kubwa ionekane bora. Mwisho, punguza sauti hadi kiwango cha kusikiliza usiku watoto wamelala. Tangu mwaka 1933, kwa kazi ya watafiti Fletcher na Munson, inajulikana kwamba sauti ikiwa ndogo sikio hupoteza besi kwanza. Besi itapungua, na ni kawaida. Ila gitaa lisipotee kabisa.

Sasa nizipange aina za spika, kuanzia iliyo bora.

Namba moja naipa jozi ya spika za studio zenye amplifaya ndani. Zimeundwa ili fundi wa kurekodi asikie makosa yake, kwa hiyo hazina sababu ya kumpamba mtu. Kwenye nyingi, kispika cha juu na cha chini kila kimoja kina amplifaya yake. Yamaha HS5, yenye koni (ile sehemu inayotetemeka na kutoa sauti) ya inchi 5, kwa vipimo vya kampuni inashuka hadi hezi 54, HS7 hadi 43 na HS8 hadi 38. Kumbuka vipimo hivyo vinahesabiwa mahali sauti imeshapungua kwa desibeli 10, kwa hiyo besi inayosikika vizuri inaishia juu ya hapo. Kwa chumba cha kawaida HS7 au inayolingana nayo inatosha sana. Hapa mjini huenda ukalazimika kuagiza Dar es Salaam. Hata hivyo, dai uzisikilize kwanza.

Namba mbili ni spika za mtumba za boksi la mbao pamoja na amplifaya ya stirio, na kwa mwenye subira hapa ndipo penye thamani kuliko kote. Lakini zikague. Utepe unaozunguka koni ukiwa wa sponji, uguse taratibu: joto na unyevu wa pwani huumaliza, nao hubomoka vidoleni. Fundi mzuri anaweza kubandika mpya, ila toa gharama hiyo kwenye bei. Utepe wa raba hudumu zaidi. Sukuma koni kwa vidole vya mikono yote miwili, sawasawa, usikilize kama inakwaruza. Angalia nyuma na chini, chipbodi iliyowahi kunywa maji huvimba. Boksi lililofungwa kabisa besi yake hupungua polepole na huwa imebana vizuri, lenye tundu hushuka chini zaidi lakini likiundwa ovyo ndilo linalonguruma. Na amplifaya iliyotoka Japani isome nyuma kabla ya kuichomeka: nyingi ni za volti 100, na umeme wetu wa 230 utaiunguza bila transfoma. Spika zenyewe zisizo na amplifaya hazina shida hiyo.

Namba tatu, saundiba, ile spika ndefu nyembamba ya kuweka chini ya televisheni, yenye sabufa yake. Kwa taarifa ya habari na filamu ni sawa. Kwa muziki, vispika vyake ni vidogo mno, hivyo sabufa hulazimika kupanda juu na kubeba hata sehemu ya sauti ya mwanamume.

Namba nne ni sabufa za sokoni zenye vispika viwili au vitano, ambazo ndizo zimejaa majumbani. Kasoro ya saundiba ipo hapa na imezidi. Usiamini wati za PMPO zilizoandikwa kwenye boksi, hizo ni za kutangazia tu, uliza wati za RMS, yaani nguvu inayodumu. Kama tayari unayo, rudisha kitufe cha besi chini ya nusu na uinue vispika vidogo hadi usawa wa masikio. Utashangaa.

Namba tano, spika za bluututhi za kubeba, zile zenye taa. Pikiniki ya Raskazone zinafaa. Nyingi hupunguza besi zenyewe kadiri unavyoongeza sauti, kwa hiyo huwezi kuzipima kwa haki.

Chumba nacho kina sauti yake. Vyumba vingi vya nyumba zetu za Kiswahili, vilivyopangwa pande mbili za ukumbi, vina pande zinazokaribiana urefu. Kikiwa mita tatu kwa tatu, kuta zote nne zinakuza hezi 58 hivi kwa pamoja, na hata spika ya namba moja itanguruma hapo. Itoe kwenye kona, iache nusu mita au zaidi kutoka ukutani, na kaa mbali na ukuta wa nyuma yako. Kapeti, pazia zito na godoro husaidia sauti za juu zisirudirudi kwenye vigae, ila besi haviizuii. Kwa hiyo kabla hujalipa, patana na muuzaji kwamba utaijaribu nyumbani siku mbili tatu na utairudisha isipokaa vizuri, na aandike hivyo kwenye risiti.