Kifurushi cha mitandao ya kijamii: mega zinakatwa wapi?

Watazamaji wapendwa wa Bukavu na wa kwingineko, karibuni. Kifurushi ninachochambua leo kinauzwa Kadutu kwa dola moja, na tangazo lake linaahidi kwamba WhatsApp na Facebook hazitakula mega zenu kwa wiki nzima. Namna ya kukinunua mnaijua, kwa hiyo naenda moja kwa moja kwenye jambo linaloniudhi.

Tazameni kioo cha simu yangu. Nina mega 40 za kawaida. Ndani ya kundi la WhatsApp napakua picha, nasikiliza ujumbe wa sauti, kisha naangalia salio: bado 40. Sasa nabonyeza kiungo cha ukurasa wa Wikipedia kuhusu Ziwa Kivu, nauacha ufunguke pamoja na picha zake, narudi kwenye salio na kukuta 38, wala hakuna onyo lolote lililotokea. Mitambo ya kampuni hutambua jina au anwani ya seva, yaani kompyuta ya huduma, ambayo simu inawasiliana nayo. Ikiwa imo katika orodha yao hawahesabu, na ikiwa haimo wanakata. Ndiyo maana nikiwasha VPN, yaani programu inayoficha mawasiliano ya simu kwa kuyapitisha kwenye seva nyingine, hata WhatsApp yenyewe inaanza kukatwa, kwa kuwa mitambo haioni tena ninakokwenda.

Orodha hiyo hatukuichagua sisi. Mwanafunzi aliyeishiwa mega anaupokea uvumi bila malipo, lakini akitaka kuuhakiki katika tovuti nyingine, hawezi. Na kijana wa hapa Bukavu anayebuni programu yake atashindanaje na ile isiyokatwa mega?

India ilipiga marufuku bei za namna hii Februari 2016, na Free Basics, huduma ya Facebook iliyofungua tovuti chache teule bila kukata mega, ikafungwa huko. Septemba 2021, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua dhidi ya vifurushi vya aina hiyo vya kampuni za simu za Vodafone na Telekom nchini Ujerumani.

Nakiri kwamba mama anayetaka tu kusikia sauti ya mwanawe aliye Kinshasa anakipata hapa kwa bei nafuu, na simlaumu kukinunua. Mimi, hata hivyo, nachukua kifurushi cha mshindani wao: kwa dola hiyo hiyo kina mega chache, lakini zinafungua ukurasa wowote. Video ijayo itapima vifurushi vya usiku; andikeni katika maoni mnavyovitumia.