TAHADHARI: Wakili wa wosia anayetanguliza dua, hati baadaye

Ndugu zangu, mtu ninayemsema hapa bado yuko kazini, anapita kwenye vikundi vya waumini na vya wazee akiwaandikia wosia. Jina silitaji kwa kuwa malalamiko yetu bado yanashughulikiwa, lakini mbinu zake nazianika, maana wa aina yake ni wengi.

Shangazi yangu alitaka wakili mwenye msimamo kama wake. Ni haki yake kabisa. Wosia unagusa dini, ndoa, watoto wa nje, mazishi, sadaka. Mambo hayo humwelezi mtu unayehisi anakudharau moyoni. Huyu bwana akaja na salamu ndefu, aya, dua kabla ya kikao, na maneno ya "kazi hii naifanya kwa ajili ya Mungu". Ada akaitaka yote mkononi, bila risiti wala barua ya makubaliano. Hakuuliza madeni. Hakuuliza watoto ni wangapi, nyumba imeandikishwa kwa jina la nani, wala kwenye bima na mafao ameandikwa nani, na ilhali sehemu nyingi fedha za bima humwendea aliyetajwa kwenye fomu hata kama wosia unasema vingine. Wakili wa mirathi asiyeuliza hayo hajaanza kazi.

Hati ilipotoka, nusu ya mali imepewa taasisi ya hisani. Shangazi ni Muislamu, na uislamu ndio uliomfanya amchague wakili huyu! Wosia wa Muislamu hauvuki theluthi moja ya kinachobaki baada ya mazishi na madeni, labda warithi waridhie. Mtu anayejinadi kwa dini hawezi kudai halijui hilo. Tukaifuatilia taasisi yenyewe, tukakuta anayeiendesha ni yeye. Tena kajiteua msimamizi pekee wa mirathi, malipo yake ni asilimia ya mali. Na binti wa shangazi, aliyeachiwa nyumba ndani ya wosia huohuo, akaambiwa asaini kama shahidi. Sheria ya Wosia ya Uingereza ya 1837, ambayo nchi nyingi zimeifuata, inamnyima shahidi kile alichoachiwa. Yaani binti angeipoteza nyumba kwa saini yake mwenyewe.

Hii si mbinu ngeni. Bernard Madoff, tapeli wa uwekezaji aliyekamatwa Marekani Desemba 2008, aliwanasa wengi miongoni mwa Wayahudi wenzake na taasisi zao za hisani, watu waliomwamini kwa kuwa ni mwenzao.

Kwa hiyo mtafuteni wakili wa imani yenu, sawa, ila imani yake ionekane kwenye kazi. Mwambie unachotaka, kisha umuulize ni wapi matakwa yako yatagonga sheria au dini yako. Mwaminifu atakuonyesha, hata kama hutapenda kusikia. Huyu wetu alikubali kila kitu kwa tabasamu. Kabla hujatoa hela, hakiki jina lake kwenye orodha ya mawakili wenye leseni inayotunzwa na mamlaka yao, usitosheke na kadi wala picha za ofisi. Akitaka kuachiwa chochote, yeye, ndugu yake au taasisi yake, simamisha hapo hapo. Zawadi ya namna hiyo ikaandikwe na wakili mwingine asiyehusiana naye. Sisitiza pia kuongea naye peke yako, bila mtoto yeyote chumbani, hata yule unayempenda zaidi. Anayekubali mtoto mmoja amjibie mzazi anapanda kesi ya baadaye, kwa sababu wengine watasema mzee alishinikizwa.

Kama umeshasaini kwa mtu wa namna hii, usihangaike kuchana nakala uliyo nayo. Kuchana nakala hakufuti wosia, na hati halisi huenda iko kwenye kabati lake. Maadamu una akili timamu, andika mpya kwa wakili mwingine, useme wazi ndani yake kwamba unafuta wosia zote za nyuma, usainiwe mbele ya mashahidi wawili wasiorithi chochote. Shangazi ameshafanya hivyo. Kisha peleka malalamiko kwa maandishi kwenye chombo cha nidhamu cha mawakili, ukiambatisha kila ujumbe aliokutumia. Waliopitishwa njia hii hii, niandikieni faragha, malalamiko yetu tuyapeleke pamoja.