Harusi ya Lagos na kijana wa tochi

Filamu yenyewe sina ugomvi nayo. The Wedding Party, ile komedi ya Nigeria, ni ya mwaka 2016, kwa hivyo wengi mnaijua: Dunni na Dozie wanaoana Lagos, bibi harusi Myoruba, bwana harusi Muigbo, na mama wa pande mbili hawapikiki chungu kimoja. Ugomvi wangu ni na ukumbi ulioionyesha juzi juzi hapa Mombasa, hasa yule kijana wa tochi.

Nilikwenda na mama mdogo. Huyu ni mtu wa harusi tangu ujana wake. Hakuna sherehe ya kupamba bibi harusi mtaani Kibokoni iliyompita. Alipotokea Sola Sobowale, mama wa bibi harusi, na kile kilemba chake kikubwa, furaha haimtoshi, mama mdogo hakujizuia. Akapiga kigelegele. Wanawake wa safu ya nyuma wakamwitikia, watu wakacheka, ukumbi ukachangamka. Na hivyo ndivyo filamu hii inavyotaka kutazamwa, kwa kelele, mkiwa wengi!

Yule kijana akaja mbio, akammulika mama mdogo usoni. Usoni kabisa. "Hapa si harusini. Nyamazeni ama mtoke."

Mama mdogo akamwambia kwa upole, "Mwanangu, shusha tochi, yaniumiza macho."

Akajibiwa, "Mimi si mwanao."

Mtu mzima wa umri ule, na buibui lake, amelipa tiketi kama wengine! Huyo kijana kwao hakuna wazee? Wallahi mikono ilinitetemeka.

Toka hapo sikuona kitu. Wonu, yule mpangaji wa harusi, anahangaika kuokoa shughuli, watu wanavunjika mbavu, na mimi namwangalia mama mdogo aliyenyamaza kimya, bisi hata hazigusi. Sauti nayo ilikuwa chini, na wahusika wakisema Kiyoruba, maandishi ya chini yamekatwa na ukingo wa skrini. Siku nyingine pengine ningesamehe. Siku ile sikusamehe chochote.

Meneja nilimfuata filamu ilipokwisha. Eti kuna wateja waliolalamikia kelele. Wateja gani, na kila mtu alikuwa akicheka? Nikataka kijana aitwe aombe radhi. "Nitazungumza naye," akasema, akarudi kwenye simu yake. Nikaapa mbele yake kwamba pale sirudi.

Sasa tumo kwenye tuktuk, namsimulia mama mdogo kwamba wale wawili walioigiza Dunni na Dozie, Adesua Etomi na Banky W, walikuja kuoana kweli mwaka 2017. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu ile tochi. "Kumbe! Itaonyeshwa tena lini?"

Nimshike wapi mimi? Hamu anayo, na filamu ni nzuri, siwezi kuikana. Basi wakitaka turudi, yule kijana amwombe radhi kwanza, meneja akiwa amesimama hapo hapo. Wasipotaka, tutaitazama nyumbani na majirani, na pesa yetu hawataiona.