Nimelipia si vyu, nimepewa vidole viwili

Oya wadau, sauti inafika? Nimefunga soksi kwenye maiki, tena soksi safi msianze, kwa sababu huku kusi inavuma haina adabu, mkisikia fuuu fuuu mjue ni upepo sio spika ya simu yako. Karibuni tena kwenye chaneli.

Sasa kabla sijasema lolote angalia miguu yangu. Mikavu. Mchanga mkavu, kandambili kavu, na hoteli ile kule nyuma paa la makuti linaonekana dogo kama kibanda cha chipsi. Hapa niliposimama, kwenye picha ya tovuti yao, ndipo ilipo bahari. Ile ya buluu. Mimi nimesimama ndani ya picha yao na sijalowa hata unyayo.

Leo hakuna simu, hakuna feni ya kuchaji (ile feni watu bado wananiuliza, jamani ilikufa wiki ya tatu, video ipo). Leo nachambua kitu ambacho hakishikiki na ndicho nilichokilipia hela nyingi kuliko vitu vyote mwaka huu: vyu, yaani kile unachokiona ukiwa chumbani kwako. Niko Zanzibar pwani ya mashariki, hoteli siitaji, chakula chao kizuri, wafanyakazi wana heshima, AC inapuliza. Hayo yote tupite. Shida yangu mimi ni neno moja kwenye risiti.

Ilikuwa hivi. Chumba cha gadeni vyu dola 90. Chumba kilekile, kitanda kilekile, mayai ya asubuhi yaleyale, ila kimeandikwa si vyu pasho, yaani bahari inaonekana kwa sehemu, dola 125. Nikamwambia mama watoto, tumevuka na boti kutoka Dar tuje kuangalia bustani? Bustani si hata kwa shangazi Tabata ipo? Nikalipa pasho, siku tatu. Dola 35 mara tatu ni 105, ipige kwa shilingi ni laki mbili na nusu na ushee. Ya kutazamia tu.

Haya naweka klipu ya juzi, itazameni yote msiruke, maana hapa ndipo penye kesi.

Naingia mlangoni. Mnaona bahari? Naona kabati. Nakaa kitandani, naona pazia. Nafungua pazia, naona balkoni, sawa. Natoka, nakaa kwenye kiti, maana mtu kwenye balkoni anakaa, si ndiyo? Naona mnazi, naona tangi la maji, naona mgongo wa mgahawa na jamaa anamenya viazi, ananipungia mkono, namjibu. Bahari bado. Nasimama. Bado. Sasa naenda kona ya kushoto kabisa, nashika nguzo, nainama nje, natoa shingo kama twiga anayeiba majani ya jirani... ile pale! Umeiona? Rudisha nyuma kama hujaiona. Kati ya mnazi na tangi, kile kimstari. Nikanyoosha mkono, nikafumba jicho moja, nikaipima: inafichika nyuma ya vidole viwili. Vidole viwili wadau! Dola 17 na nusu kila kidole, kila usiku. Mama watoto yeye ni mfupi kidogo (hataki nitaje futi), haoni kitu mpaka apande kiti.

Nikamwita dada wa mapokezi. Nikamwambia dada yangu, samahani, hii ndiyo si vyu? Akasema ndiyo kaka, pasho. Nikamuuliza pasho gani? Akaja mwenyewe, akaenda moja kwa moja kwenye ileile kona, akashika ileile nguzo, akasema "ukisimama hapa". Na hapo ndipo nikaona, rangi ya ile nguzo imechubuka. Imechubuka kwa urefu wa mkono wa mtu mzima. Sio mimi wa kwanza kutafuta bahari yangu pale.

Na dada hana kosa, yeye kaajiriwa. Ila ebu lisikilizeni lile neno kwa Kiswahili: si vyu. Si. Vyu. Limeshajikana lenyewe, sisi tu hatukusikiliza.

Ngoja niwaeleze inavyokwenda. Viwanja vingi huku vimekaa kama kanda ya kitenge, vyembamba upande wa maji na virefu kwenda nyuma barabarani. Hii hoteli mbele imeingiza vyumba sita, basi, vingine vyote vimepangwa nyuma. Sasa kama vyumba sita tu ndivyo vyenye bahari ya kweli, wengine utawauzia nini? Unawauzia maneno. Gharama ya kufua shuka ni ileile mbele na nyuma, kwa hiyo ile nyongeza ya vyu inakwenda karibu yote mfukoni. Nyota za hoteli angalau zina vigezo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mtu anakuja anakagua. Vyu kila hoteli inajiandikia yenyewe.

Kwa hiyo mkisoma, someni hivi. Bichi frant, hapo ndipo hakuna jengo kati yako na mchanga, na hata hivyo uliza kama chini au juu, maana chini kuna makochi ya watu na miguu inapita. Si fesingi ina maana jengo limeelekea baharini, haikwambii mbele yake wamepanda nini. Si vyu yenyewe ina maana kuna mahali ndani ya chumba bahari inaonekana, hata dirisha la choo. Puli vyu, yaani unatazama bwawa la kuogelea, utasikia watoto wanaruka maji mpaka magharibi. Bichi aksesi hiyo ni njia tu ya kufika ufukweni, hata mimi nyumbani kwangu Mbagala nina bichi aksesi, napanda daladala nafika.

Wenzetu wa Hawaii wao chumba kilichoipa bahari mgongo wanakiita mauntini vyu, mlima, na kinauzika safi. Ila kuna watu nawapa heshima, meli za kitalii. Kule chumba ambacho dirisha limezibwa na mashua ya kuokolea wanaandika kabisa kwamba mandhari imezibwa, na bei inashuka. Andikeni na nyie basi! "Si vyu ya kushika nguzo". Ningelipa nikicheka.

Eeh, kabla sijasahau, tumebakiza watu 140 tufike elfu kumi, kile kitufe hakina vyu pasho, bonyeza.

Sasa sikieni ujinga wangu. Nilivyokasirika nikasema potelea mbali, naongeza dola 25 nahamia si vyu kamili. Nikahamishwa usiku, giza, nasikia mawimbi kwa mbali, nikalala nimeridhika kama mwenye shamba. Asubuhi saa nne nikatoka na kikombe cha chai, nikavuta pazia. Bahari hakuna. Imeondoka! Mchanga mpaka kule kwenye mwamba, mashua zimelala ubavu kama ng'ombe.

Mtu wa pwani ananicheka hapo, najua. Juzi ilikuwa mwezi mpevu, wakati wa bamvua, yaani maji yanajaa sana na kutoka mbali sana, na huku bamvua maji yanakupwa kama saa nne asubuhi na yanajaa kama saa kumi jioni, kila siku yanachelewa kama dakika 50. Kwa hiyo mgeni anamaliza chai, anageuka kutazama alichokilipia, kimekwenda. Wiki moja baadaye ni maji mafu, mambo yanageuka, saa nne maji yamejaa na yakitoka hayaendi mbali hivi. Kwa hiyo kama unataka kuiona bahari ukiwa na chai yako, kabla hujalipa angalia kalenda ya mwezi, bure, hakuna hoteli itakayokwambia. Au nenda Nungwi na Kendwa, kule maji hayatoki sana na jua linazama mbele yako, huku mashariki jua la kuzama utaliona nyuma ya jenereta.

Ila sasa... mimi jana nilikaa hapa masaa matatu, na hasira ikawa inapungua yenyewe. Kuna akina mama wa mwani, kilimo hiki huku Paje na Jambiani kipo tangu 1989, na ratiba yao ni hiyohiyo bamvua, maji yakitoka wao wanaingia, wanafunga vijiti na kamba, wanaongea mambo yao mpaka unatamani usikie. Kuna mzee anatafuta pweza kwenye mawe, anasimama, anatulia, anachoma mara moja tu. Nikawaza hivi neno pwani lenyewe limetoka wapi, si kupwa? Pwani ni pale maji yanapopwa. Hii sasa ndiyo vyu! Na wa gadeni vyu wa dola 90 alikuwa amekaa mchanga huohuo pembeni yangu, anakula embe.

Kwa hiyo alama zangu... pasho mbili kwa kumi, kidole kimoja alama moja. Si vyu kamili sita, saba kama umeangalia mwezi. Gadeni nane, na dola 35 unakula pweza siku zote tatu. Bichi frant sijalala, dola 210, mkifikisha hao 140 labda.

Kuna mtu aliuliza Diani nitaenda lini na bei ya mkaz... ngoja. Ngoja, hii ni maji? Saa ngapi saa hizi? Ee bwana yanakuja, yanakuja haraka hivi, stendi ya kamera imeanza kuzama, kandambili yangu moja ile inaondoka... mama watoto! Ishike hiyo!