Saa ya GPS ya mzee: kabla hujalipa, fikiria udhu

Siku ile ramani ilionyesha baba yupo msikitini, tangu adhuhuri mpaka alasiri inaadhiniwa. Tukatulia, mzee yuko kwenye ibada. Kumbe iliyokuwa msikitini ni saa peke yake, imelazwa kwenye kiukuta cha pale wanapotawadhia. Mwenyewe kijana wa bodaboda alimkuta njia ya Naliendele, anakwenda kupalilia mikorosho aliyokwisha kuiuza zamani.

Kwa hiyo habari za kioo na rangi waulize wengine. Mimi swali langu ni moja: mgonjwa wako wa kusahau anavua nini, na mara ngapi kwa siku? Anayeswali anavua saa hata mara tano. Soli za GPS za kutia kiatuni ndiyo kabisa: viatu vinabaki mlangoni, na hapa Mikindani mzee akiamua kutoka anavaa kandambili za yeyote. Zipo saa za kufungwa asiweze kuzifungua mwenyewe, ila baba yangu si mbuzi.

Namba moja ni Teltonika TMT250, na upendeleo sifichi. Ni kidude cha kuenea kiganjani, maji hayaingii, kina kitufe cha kuomba msaada na kinatumia laini. Nimekishonea kimfuko ndani ya mkanda wa hela, ule mpana anaoufunga juu ya msuli. Majina ya wajukuu yamempotea, hela zake zilipo anajua. Mkanda havui mpaka alale, na hapo ndipo ninapokichaji. Nilimweleza kazi yake, akakigusagusa: "Basi hela zangu haziibiwi." Ndani ya nyumba ya bati kinayumba, kinamhamishia kwa jirani. Navumilia.

Namba mbili, saa ya laini, kwa mzee asiyevua saa tu. AirTag, kile kidude cha Apple cha kutafutia vitu vilivyopotea, haina GPS, inategemea simu za Apple zilizo karibu. Njia ya Naliendele utazisubiri sana. Saa za bei poa? Pita.

Sasa wauzaji. Kurudisha ile saa naambiwa, "Mama, kifaa hakina kosa, mzee ndiye kakivua." Nao mafundi wa GPS za magari, ukitaka kimoja cha mtu, wanakutajia bei ya lori, ada ya mwezi juu yake, na bando ununue mwenyewe. Nimelipa miezi mitatu mbele. Risiti ni njoo kesho, mpaka leo.